Shati la Owino Baada ya Miezi Minne

Mwanzoni mwa muhula uliopita nilijikuta nimebakiwa na mashati mawili tu yanayofaa kuvaliwa mbele ya wanafunzi, na kola za yote mawili zilikuwa zimeanza kutoa nyuzi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kampala, na vumbi la chaki, jasho la taksi na sabuni ya mche havina huruma na nguo. Nikaamua kununua mashati kutoka sehemu tatu, niyavae kwa zamu, niyafue kwa namna moja, kisha nione lipi litabaki na heshima yake. Moja nililinunua jipya katika jengo la maduka katikati ya mji, la pili katika duka linalouza nguo zilizoshonwa Uganda kwa pamba ya Uganda, na la tatu katika soko la Owino, kwenye kibanda cha mitumba, au mivumba kama tunavyosema huku. Ninayoandika hapa ni tathmini ya kibanda hicho. Mashati mengine mawili nitayagusa kwa sababu nguo haipimwi peke yake.

Jina rasmi la soko hilo ni Mtakatifu Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, mfiadini wa Buganda aliyeuawa mwaka 1885, lakini ukimtajia konda jina hilo atakutazama kama mgeni. Sema Owino. Liko ubavuni mwa uwanja wa Nakivubo, mwendo mfupi wa miguu kutoka stendi ya zamani ya taksi, na ukishaingia ndani unaongozwa na pua: upande mmoja dagaa wa kukausha na viungo, upande mwingine ile harufu ya dawa inayotoka belo, yaani robota la nguo zilizokandamizwa, linapofunguliwa, ambayo kila mnunuzi wa mitumba anaijua. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Wauzaji watakushika mkono, watakuita kastoma, watakubandikia suruali kiunoni kabla hujasema unatafuta nini. Asiyezoea huona ni ufidhuli, nami sijifanyi kwamba nimewahi kuupenda. Vaa viatu vya kufunika vidole, hasa mvua ikiwa imenyesha, na pesa zako usiziweke mfuko mmoja.

Kibanda ninachokizungumzia hakina jina wala kibao. Upana wake ni hatua tatu. Anayeuza ni mama wa makamo kutoka Kasese, anayezungumza Kiswahili cha mpakani mwa Kongo, kizuri na chepesi, na ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nisimame kwake. Mashati ya namba moja ameyatundika juu, yamepigwa pasi ya mkaa na kijana anayekaa nyuma. Ya namba mbili yamekunjwa mezani. Yaliyobaki yamelala chini juu ya turubai, na hayo huuzwa kwa shilingi 1,000 au 2,000 kwa atakayeinama kuyachagua. Nilichukua shati moja jeupe kutoka juu. Akaninyang'anya. “Mwalimu, hiyo haikufai, kola imekufa,” akasema, akaigeuza kola ili nione kwamba kitambaa cha ndani kilikuwa kimeanza kukatika. Muuzaji anayekuonyesha kasoro ya bidhaa yake kabla hujalipa ana thamani kubwa mjini hapa. Akanipa jingine, la bluu mpauko lenye mistari. Aliniambia 20,000, nikasema 8,000, tukakutana kwenye 12,000.

Nililichunguza nyumbani. Lebo ya shingoni ilisema limetengenezwa Bangladesh, pamba asilimia mia moja. Kwenye kifungo cha mkono kilining'inia kikaratasi cha bei, kilichofungwa kwa uzi wa plastiki: pauni tatu na nusu. Maana yake, kwa wanaoijua biashara hii, ni kwamba mtu fulani Uingereza alilitoa sadaka, likawekwa katika duka la hisani, halikupata mnunuzi, duka likaliuza kwa uzito pamoja na mengine kwa kampuni ya kuchambua nguo, na kampuni hiyo ikalikandamiza ndani ya belo. Baada ya hapo ni kontena, meli, Mombasa, foleni ya malori Malaba, na zaidi ya kilomita 1,100 za barabara mpaka Kampala. Yaani shati lililokataliwa kule kwa pauni tatu na nusu, ambazo ni zaidi ya shilingi 15,000 zetu, mimi nimelipata kwa 12,000 baada ya kuzunguka nusu ya dunia na kulipiwa ushuru. Hesabu hiyo ilinisumbua kwa siku kadhaa, kwa sababu bidhaa inayosafiri hivyo na bado ikawa rahisi, lazima kuna mtu mahali fulani anayebeba gharama ambayo mimi siioni.

Lakini kwanza ubora, maana hii ni tathmini. Kwa miezi minne nimelifua shati hilo kila wiki kwa mkono. Mshono wake ni wa karibu karibu na umepigwa mara mbili ubavuni, vifungo vimeshonwa kwa uzi uliozungushwa shinani, kola ina uzito wa kutosha kusimama yenyewe, na kwapani kitambaa hakijapauka. Shati jipya la jengo la maduka lilinigharimu 35,000. Lilikuwa na mng'ao wa kuvutia nikiwa dukani, na muuzaji aliniapia kwamba ni pamba, ingawa sehemu kubwa ilikuwa poliesta. Wiki ya pili kifungo cha tatu kilidondoka darasani nikieleza ngeli ya KI-VI, na kufikia mwezi wa pili mshono wa bega ulikuwa umefunguka. Nilipolirudisha niliambiwa kwamba nguo ikishafuliwa hairudishwi. Duka sitalitaja, kwa kuwa bidhaa za namna hiyo zimejaa kila jengo na si haki kumbebesha mmoja mzigo wa wote. Shati la pamba ya Uganda ni habari nyingine. Kitambaa chake ni kizuri kuliko vyote vitatu, kizito kidogo, kinanyonya jasho, na kinalainika kila kinapofuliwa. Ila bei yake ilikuwa 70,000, saizi zilikuwa mbili tu, rangi moja, na duka lilifunguliwa saa nne wakati mimi niko kazini. Mshahara wa mwalimu hauwezi kuipenda nchi kwa 70,000 mara tano.

Kwa mnunuzi, basi, Owino imeshinda bila ubishi. Nilirudi kwa mama yule mwezi wa pili, nikaongeza mashati mawili, na safari hiyo nikaomba kuona belo likifunguliwa. Akaniambia nije Jumanne alfajiri.

Ni shughuli inayofanywa kwa ukimya. Belo la kilo kama 45 lililetwa na mchukuzi begani, likatuliwa juu ya turubai, kamba za plastiki zikakatwa kwa kisu, na rundo likavimba kama unga uliotiwa hamira. Mama alikuwa amelilipia 900,000 bila kuona ndani. Belo haliguswi kabla ya kununuliwa. Unasoma maandishi ya nje, “mashati ya wanaume”, unaangalia nchi lilikotoka, unaomba Mungu. Kule Nairobi, wafanyabiashara wa soko la Gikomba huziita kamera zile nguo chache bora zinazochaguliwa kwanza, na mama naye alianza na hizo: akazivuta moja moja, akazinyanyua kwenye mwanga wa taa, akapitisha kidole gumba kwenye kola na kwapa. Alipata 31. Za kati zilikuwa 90. Nyingine 56 zilikuwa na madoa, zimechanika, au ni kubwa kuliko mwili wa Mganda yeyote niliyewahi kumwona. Na katikati ya belo lililoandikwa mashati, zikatoka jaketi sita nene za kuchezea kwenye theluji.

Nikamfanyia hesabu kwenye karatasi, yeye akiwa ameshaimaliza kichwani. Namba moja kwa 12,000, za kati kwa 5,000, za chini kwa 1,500, jumla 906,000. Ukiondoa gharama ya belo, shilingi 6,000 zinabaki za kumlipa mchukuzi, kijana wa pasi na mwenye kibanda. Kilichomwokoa siku ile ni zile jaketi, ambazo waendesha bodaboda huzigombania kwa ajili ya baridi ya alfajiri na kuzinunua kwa 20,000 kila moja. Belo lililopita, alisema, lilikuwa na mashati yaliyolowa maji ya bahari, na kwa wiki tatu alikula mtaji. Hakuna wa kumlalamikia. Muuzaji wa jumla naye alilinunua likiwa limefungwa, na kabla yake mwagizaji, na kabla ya mwagizaji mchambuaji wa ng'ambo ambaye jina lake halijulikani hapa Owino. Kila mmoja kwenye mnyororo huo ameshapata chake kwa kilo. Wa mwisho tu ndiye anayeuza kwa shati moja moja, na ndiye anayegundua kilichomo.

Tunapozungumza kuhusu utandawazi hupenda kujadili nani kapata ajira na nani kapoteza, lakini kwenye kibanda cha mama yule nilichokiona zaidi ni jinsi hasara inavyosafiri. Bidhaa hushuka kutoka kwa wenye nacho kuelekea kwa wasio nacho, na kila inapobadilisha mkono, shaka yote kuhusu ubora wake huteremshwa pamoja nayo. Huko shati lilikoshonwa mambo hayakuwa tofauti. Tangu mkataba uliokuwa ukigawa mafungu ya biashara ya nguo duniani ulipokwisha tarehe 1 Januari 2005, kampuni za nguo zimekuwa huru kuhamishia oda zao popote penye bei nafuu. Na tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao mafundi wa kushona waliokuwa wamerejeshwa kazini siku moja baada ya nyufa kuonekana ukutani. Sijui shati langu lilishonwa katika kiwanda gani. Najua tu kwamba bei ya 12,000 ina mizizi ya aina hiyo.

Wapo watakaosema haya ni mambo mapya ya zama za intaneti. Lugha yetu yenyewe inakanusha. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walipofika ikulu ya Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844 walileta nguo za pamba, na nguo nyeupe iliyotamba bara wakati ule iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa Marekani. Waganda walikuwa na lubugo, nguo ya gome la mutuba, ambayo leo UNESCO inaitambua kama urithi wa binadamu na ambayo dukani huipati ila kama mkoba wa mtalii. Hata gomesi, gauni rasmi la wanawake, ambayo hakuna harusi ya Kiganda inayokamilika bila hiyo, imepewa jina la Gomes, fundi Mgoa aliyewashonea wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20. Na vitenge vya Kiyembe, mtaa wa nguo hapa Kampala, tunavyoviita vya Kiafrika vina asili ya batiki ya Java iliyoigwa na Waholanzi, na sasa vingi vinatoka China. Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaosema mitumba inaua utamaduni. Utamaduni wa mavazi nchini hapa umekuwa ukishonwa na kufumuliwa kwa karibu karne mbili.

Hoja ya viwanda ina uzito zaidi, ila husimuliwa kwa haraka mno. Mbegu za pamba zililetwa kwa wakulima wa Uganda mwaka 1903, na zikawa zao la kulipia kodi. Jinja, karibu na bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954, kilijengwa kiwanda cha Nyanza Textiles, na wazee bado hulitaja jina lake la kifupi, Nytil, kwa sauti ya mtu anayemkumbuka mchumba wa zamani. Kilichofuata ni kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, vita, mashine bila vipuri, kisha sera za kufungua soko, ambazo mwaka 1994 ziliondoa ukiritimba wa bodi ya pamba. Mitumba ilipofurika, nyumba ilikuwa imeshabomoka kwa sehemu kubwa. Mitumba ilihamia tu ndani ya magofu na kufanya iwe vigumu kujenga tena. Baba yake mama wa kibanda alilima pamba Kasese na kuipeleka ushirika wa Nyakatonzi. Anakumbuka magunia, anakumbuka mizani. Pamba yetu nyingi hadi leo huondoka ikiwa imechambuliwa tu, bila kusokotwa uzi.

Wakubwa wamejaribu. Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo mwaka 2019. Chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani kikalalamika, na serikali yao ikatishia kuziondoa nchi husika katika AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo na mwaka 2018 ikapoteza nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Uganda, Kenya na Tanzania zikalegeza. Sasa ona mzaha: tarehe 1 Januari 2024 Uganda iliondolewa AGOA vilevile, Marekani ikitaja haki za binadamu, jambo lisilo na uhusiano wowote na mashati. Miezi michache kabla, Agosti 2023, Rais Museveni akiwa Mbale alitangaza kupiga marufuku mitumba, akisema ni nguo za wazungu waliokufa. Nilimuuliza mama anaonaje. Akanijibu kwamba waliokufa hawamsumbui, wanaomsumbua ni walio hai wanaofunga belo.

Pamoja na hayo, nisingependa msomaji adhani kwamba mitumba ni safi kwa sababu tu inavaliwa mara ya pili. Ni kweli kwamba shati la pamba moja huweza kunywa lita 2,700 za maji tangu shambani, na kulivaa miaka mitano zaidi ni bora kuliko kushona jipya. Lakini zile 56 za chini huishia wapi? Baadhi huwa matambara ya gereji. Nyingine nimeziona zimekwama kwenye mfereji wa Nakivubo, unaopita jirani na soko na kumwaga maji yake Ziwa Viktoria, na zilizobaki huchukuliwa na magari ya taka. Jalala la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu miaka ya tisini, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kufukia watu zaidi ya 30 pamoja na nyumba zao. Sidai kwamba nguo ndizo zilizoliangusha. Nasema tu kwamba ushuru wa mazingira unaotozwa mitumba mpakani haujanunua, kwa ninavyoona, hata kapu moja la kukusanyia matambara pale sokoni.

Nafurahishwa zaidi na mbunifu Bobby Kolade, ambaye hapa hapa Kampala hununua mitumba, huikata, huiunganisha upya, na tangu mwaka 2022 huiuza huko huko ilikotoka kwa jina la “Rudisha kwa Mtumaji”, kwa Kiingereza bila shaka. Ni ucheshi wenye meno, ingawa hautamaliza belo hata moja la mama wangu.

Kwa atakayependa kwenda, nashauri hivi. Nenda Jumanne au siku nyingine mabelo yanapofunguliwa, kabla ya saa mbili asubuhi, kwa maana wenye maduka ya mjini huja alfajiri na kuzoa namba moja, ambazo utazikuta baadaye barabarani kwa bei mara mbili. Chunguza kwapa, kola na chini ya vifungo, kwa mpangilio huo. Usikubali kununua bila kujaribu juu ya fulana yako. Ikibidi kupunguza mikono, yupo fundi mwenye cherehani vibanda vitatu mbele, hutoza 3,000 na hufanya kazi safi, ila ahadi zake za muda uziongezee siku mbili. Huduma ya mama naipa alama tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa sababu chenji haikosi kuwa tatizo kwake, na kuna siku alinipa soksi badala ya shilingi 2,000. Soko lenyewe, kwa njia zake za kupitia na hofu ya moto ambayo tangu ule mkubwa wa Februari 2009 haijawatoka wauzaji, halipati kwangu zaidi ya alama tano.

Jumanne ile, kabla sijaondoka, mama alikunjua mojawapo ya zile jaketi na kuiweka begani mwake. Akasema kwao Kasese theluji huonwa kwa macho tu, juu kabisa ya Rwenzori, na kwamba hata hiyo utotoni mwake ilikuwa nyingi kuliko sasa. Hakukosea, barafu iliyobaki huko ni sehemu ndogo mno ya ile waliyoikuta wapanda mlima wa mwaka 1906. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria akaichukua jaketi hiyo kwa 20,000 bila kubishana. Ndiye aliyenipeleka shuleni. Kwenye zipu ilining'inia tiketi ya plastiki, akaniuliza, “Mwalimu, hii imeandikwa nini?” Nikamsomea: jina la mlima, tarehe, na saa ya mwisho ya kupanda. Akauliza kama bado inafanya kazi. Nikamwambia imeshapita miaka sita. Akafunga zipu mpaka kidevuni, akawasha pikipiki, na nauli ikabaki ile ile, 3,000.